Ujira wa Macho

Majira ya joto ya 2022, jiji la New York lilikosa waokoaji wa kutosha katika mabwawa yake ya umma. Masomo ya bure ya kuogelea yalifutwa, na mwezi Julai ujira wa kuanzia ukapandishwa kutoka dola 16 hadi 19.46 kwa saa. Swali la kimaadili lilikuwapo kabla ya uhaba huo: kama uhai hauna bei, mbona anayeulinda hulipwa ujira wa kibarua wa likizo? Kosa, naona, ni kudhani kwamba tunalipia uokoaji. Uokoaji ni nadra. Tunacholipia ni macho yasiyobanduka majini, kwa kuwa mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele. Kazi hiyo ikifanywa vizuri hakuna kinachotokea, na bajeti haina safu ya mambo ambayo hayakutokea.

Wapo wasemao kuokoa ni wito, na fedha huuchafua. Kurani, katika Suratul Maida, inalinganisha kuokoa nafsi moja na kuokoa watu wote. Thawabu ya namna hiyo, wanadai, haihitaji hundi. Lakini thawabu ni ya mtendaji, si posho ambayo jiji linaweza kuikata kwenye mshahara wake. (Ajabu, wakurugenzi hawahubiriwi wito.) Pingamizi zito zaidi ni la hazina: fedha hazitoshi, basi bwawa lifungwe. Hilo lingekubalika kama joto nalo lingefungika. Mwenye uwezo ana bwawa lake. Asiye nalo huenda fukwe za Coney Island au Rockaway, ambako waokoaji huondoka saa kumi na mbili jioni, jua likiwa bado halijatua.