Mgeni Asemapo "Salama"



Wazee wetu walituachia msemo ambao kila mtoto wa nchi hii anaujua: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa kawaida twaufasiri hivi, kwamba mgeni akifika, jiko huwashwa, kuku huchinjwa, na watoto wa nyumba nao hupata kitoweo. Fasiri hiyo ni ya kweli. Lakini wiki hii nataka kuuliza jambo jingine. Ikiwa mwenyeji anauza malazi kwa fedha, na mgeni, kwa adabu, anaficha ugonjwa aliouona nyumbani mle, mwenyeji huyo ataponaje? Swali hili sikulipata kitabuni. Lilinijia katika nyumba ya wageni, na mara ya kwanza nililijibu vibaya.

Wazazi wangu walitimiza miaka 50 ya ndoa. Wao ni wakulima wa milimani, wilayani Tarime, watu wa migomba na kahawa. Siku ya Jumamosi tulimshukuru Mungu kwa Misa Takatifu katika kanisa la kigango chao, na sherehe ikafanyika uani, chini ya miti, kwa ugali wa ulezi, nyama na nyimbo. Kisha sisi watoto wao tukataka kuwapa zawadi. Maisha yao yote wameishi mwendo wa saa chache tu kutoka Hifadhi ya Serengeti, iliyoanzishwa mwaka 1951, ambayo watu huvuka bahari kuja kuitazama; nao hawajapata kuingia humo hata mara moja. Tukaamua Jumapili tulale Mugumu, makao makuu ya wilaya ya Serengeti, na Jumatatu alfajiri tuingie hifadhini kwa lango la Ikoma.

Kaka yangu mkubwa alikuwa ameagiza vyumba vinne mwezi mmoja kabla, akalipa nusu ya fedha, akaahidiwa mambo matatu: chumba cha chini kwa wazee, kwa kuwa Mama anasumbuliwa na magoti, maji ya moto, na chakula cha watu tisa saa mbili ya jioni. Nyumba hiyo sitaitaja, kwa sababu itakayoonekana mbele.

Tulipita Nyamwaga na Nyamongo, penye machimbo ya dhahabu, tukavuka mto Mara, tukafika Mugumu jua likizama, vumbi limetujaa hata kwenye nyusi. Chumba cha chini hakikuwapo. Walikuwa wamepewa wageni wengine, waliofika mchana wakalipa zaidi. Vyumba vinne vilikuwa vimegeuka viwili. Bombani hayakutoka maji ya moto wala ya baridi. Tukaletewa ndoo moja kwa kila chumba. Chakula kilifika saa nne na nusu, wali haujaiva sawasawa, na wazee wamekwisha kusinzia vitini. Mama alipanda ngazi akishika ukuta, huku akipumzika kila hatua ya tatu. Kisha muziki wa baa ukapigwa chini yao hata saa nane ya usiku. Baba aliniambia polepole kwamba usiku wa arusi yake alilala vizuri zaidi, juu ya ngozi ya ng'ombe.

Wa kutuhudumia alikuwa binti mmoja tu, ambaye kwa kumtazama hajatimiza miaka 20. Kaka yangu alimkemea mbele ya watu, nami sikumzuia. Binti hakujibu neno. Alisimama ameshika funguo kwa mikono miwili. Baadaye alimwambia Mama kwamba yeye ndiye mpishi, ndiye mfagiaji, ndiye mpokea wageni, na kwamba mshahara wa miezi miwili hajauona.

Asubuhi nilimkuta Mama akitandika kitanda na kufagia chumba. Nilimwambia aache, maana tumekwisha kulipa. Akasema, "Mwanangu, siwezi kuiacha nyumba ya watu hivi." Kisha akauliza, "Mwenye nyumba yuko wapi, nimuage?" Hatukuwa na la kumjibu, kwa kuwa mwenye nyumba hakai Mugumu. Lakini kabla hatujaingia garini alipiga simu, na binti akanipa niseme naye. Sauti yake ilikuwa ya mtu mwungwana. "Padre, mmelala salama?" Nami nikajibu, "Salama kabisa, tunashukuru sana."

Siku ile wazee waliona twiga na tembo, wakafurahi kama watoto. Mimi neno lile "salama" lilinikwama kooni kama mwiba wa samaki.

Je, nilisema uongo? Mtu ataniambia: La, Padre, hiyo ni salamu tu. Hoja hii yafaa kupimwa kwa haki. Tukiulizwa habari za asubuhi twajibu "njema" hata kama jino linauma, na hapo hakuna anayedanganywa, maana wote wawili wanajua kwamba neno hilo ni mlango wa mazungumzo, si taarifa. Mt. Augustino, aliyeandika vitabu viwili juu ya uongo, afundisha kwamba uongo ni kusema kinyume cha yaliyomo moyoni kwa nia ya kudanganya. Basi nikapima nia yangu. Yule bwana aliuliza habari za nyumba yake, ambayo haioni kwa macho yake. Nami sikusema "salama" tu. Niliongeza "kabisa," niliongeza "sana," ambayo hakuna aliyeniomba. Nilitaka aamini. Nilitaka tuondoke upesi, na pia nilitaka anihesabu kuwa padre mpole. Hiyo si adabu, ndugu zangu. Ni woga uliovaa kanzu ya adabu.

Mwingine atasema: Lakini mgeni mwema halalamiki, hula alichopewa, akashukuru. Naam, ndivyo tulivyolelewa, na tusiache. Nikifika kwa mjane akanipa viazi viwili na chumvi, nikanung'unika, nimemkosea yeye na Mungu, maana kilicho mbele yangu ni zawadi, na zawadi haihukumiwi. Katika nyumba ya wageni, lakini, yamefanyika mapatano. Huyu ametoa fedha, yule ametoa ahadi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki yatufundisha kwamba ahadi zapaswa kutimizwa, na mapatano kushikwa kwa uaminifu. Hapo tumekwisha kuingia katika nchi ya haki, wala haki haitendwi kwa kunyamaza. Mt. Tomaso wa Akwino aliziweka fadhila mbili, ukweli na upole wa maongezi, chini ya mti huo mmoja wa haki. Akaonya kwamba mtu apendaye kuwapendeza watu sikuzote huishia katika kujipendekeza, na kwamba mara nyingine yatupasa kumhuzunisha mwenzetu kwa ajili ya kheri yake.

Wala tusidhani kwamba biashara ya kulaza wageni ni kazi duni. Katika Injili ya Luka, sura ya 10, Msamaria alimfunga majeruhi vidonda, akampeleka kwenye nyumba ya wageni, akamlipa mwenye nyumba dinari mbili, akaahidi kulipa kilichozidi atakaporudi. Tuitazame vizuri habari hii. Huruma yote ya yule Msamaria iliachwa mikononi mwa mtu wa biashara. Kama mwenye nyumba angetia dinari mbili mfukoni na kumwacha majeruhi bila maji, huruma ile ingekufa usiku uleule. Hata leo, wanaogonga milango ya nyumba hizi si matajiri wa matembezi peke yao. Ni mgonjwa aendaye hospitali, ni mfiwa, ni mwanafunzi aliyekosa basi, ni wazee wawili waliozawadiwa siku moja na watoto wao. Anayempa mtu mwingine chumba kilichoahidiwa, kwa sababu tu mwingine huyo ana fedha zaidi, asome Waraka wa Mt. Yakobo, sura ya 2, aone Mtume anavyowakaripia waliompa mwenye pete ya dhahabu kiti kizuri na kumwambia maskini asimame.

Lakini kosa lililonichoma zaidi ni letu sisi, si la mwenye nyumba. Kwa binti tulisema kweli kwa ukali. Kwa bwana wake tulisema uongo kwa upole. Hasira yetu ilimwangukia asiye na uwezo wa kubadili lolote, na heshima yetu ikaenda kwa mwenye uwezo wote. Na binti huyo alikuwa amedhulumiwa zaidi yetu sisi. Sisi tulipoteza usiku mmoja, yeye alikuwa akidai miezi miwili. Papa Leo XIII, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, ahesabu kumnyima mfanyakazi mshahara wake kuwa kosa kubwa, linalomlilia Mungu mbinguni. Mimi niliyajua hayo tangu seminari, na simu ikiwa mkononi sikuyasema.

Basi tufanyeje? Kuna njia tatu zilizo rahisi, nazo zote ni mbaya. Ya kwanza ni kumfokea mtumishi. Ya pili ni kunyamaza, kisha kuisengenya nyumba njia nzima, kama tulivyofanya sisi garini. Ya tatu ni kumwanika mtu hadharani kabla ya kumwambia mwenyewe, na ndiyo sababu nyumba ile sikuitaja. Bwana wetu, katika Mathayo sura ya 18, atuonyesha njia ya nne: mwendee aliyekosa, wewe na yeye peke yenu.

Baada ya wiki moja nilimpigia simu bwana yule. Kwanza nilimwomba msamaha kwa kumdanganya. Kisha nikamweleza yote, bila chumvi: chumba, maji, chakula, magoti ya Mama, mshahara wa binti. Alinyamaza kitambo, nikadhani simu imekatika. Halafu akasema, "Padre, nyumba ile ninayo mwaka wa sita sasa. Kila mgeni huniambia salama. Nami nilidhani ni salama." Mshahara, alisema, yeye humpelekea msimamizi kila mwezi, akaahidi kwenda mwenyewe kuuliza. Nitakapopita tena Mugumu nitamtafuta yule binti nimuulize kama amelipwa, na kumwomba radhi kwa maneno ya kaka yangu na kwa kimya changu.

Miaka sita, wasomaji wangu, na hakupata mgeni mmoja wa kumponya. Wageni wote walikuwa na adabu.

Jambo hili haliko Mugumu tu. Waumini wakitoka kanisani hutuambia sisi mapadre kwamba mahubiri yalikuwa mazuri, nasi twaamini. Baba hurudi nyumbani akauliza kama mambo yote ni sawa, akaambiwa ni sawa, na mtoto hajaenda shule siku tatu. Wazazi, wafundisheni watoto wenu adabu, na pia wafundisheni kwamba adabu haikupewa kazi ya kuuzika ukweli. Wenye nyumba za wageni, msiridhike na neno "salama" la kwenye simu. Nendeni mkaonje wali wenu na kuvilalia vitanda vyenu. Nasi wageni tuseme kweli, faraghani, kwa aliye na uwezo, na kwa sauti ambayo tungependa kusemeshwa nayo sisi wenyewe.

Nilipomweleza Mama kwamba nimesema na mwenye nyumba, hakuuliza habari za fedha wala za chumba. Aliuliza, "Na ulimuaga?" Nikamjibu kwamba nilimuaga. Akasema, "Basi sasa tumeondoka vizuri."