Maji ya Kamanga na Saini ya 1929

Feri ya Kamanga, inayovusha watu kutoka Mwanza mjini kwenda upande wa Sengerema, hupita juu ya maji ya Ziwa Victoria, yaliyowahi kuamuliwa bila wenyeji kuulizwa. Mei 1929 Uingereza, ikiyasemea makoloni yake, iliandikiana barua na Misri: bila ridhaa ya Cairo, pasijengwe mradi wa umwagiliaji wala umeme katika Nile au maziwa yanayoulisha, kama utaipunguzia Misri maji.

Mkataba wa namna hiyo ni batili tangu mwanzo? Moyo unajibu haraka. Sheria inasita.

Kifungu cha 53 cha Mkataba wa Vienna wa 1969 kuhusu sheria ya mikataba kinabatilisha mkataba wowote unaopingana na kanuni ya lazima, ile ambayo mataifa kwa ujumla yamekubali kuwa haiachwi hata kwa makubaliano. Mfano upo Zanzibar. Mwaka 1845 Sultani Seyyid Said alikubaliana na Waingereza kuzuia watumwa wasipelekwe nje ya milki yake ya Afrika, lakini kuwasafirisha kati ya Kilwa na Lamu kukabaki halali. Pande zote mbili ziliridhika. Waliofungwa minyororo hawakuwa upande wowote. Leo kipengele hicho kisingesimama hata kikipigwa mihuri mia.

Utumwa, mauaji ya kimbari, mateso, uvamizi: orodha ni fupi, na heri ibaki hivyo. Kila dhuluma ikiingizwa humo, wa kwanza kunufaika watakuwa wakubwa wanaotafuta kisingizio cha kukana ahadi zao. Haki ya watu kujitawala nayo imo, ila mwaka 1929 ilikuwa bado haijakomaa kuwa kanuni ya aina hiyo, na Mkataba wa Vienna haurudi nyuma.

Nyerere alipita mlango mwingine. Mwaka 1961 aliueleza Umoja wa Mataifa kwamba Tanganyika ingeiheshimu mikataba ya nchi mbili mbili kwa miaka miwili huku ikiipitia. Julai 1962 serikali ikaziarifu Uingereza, Misri na Sudan kuwa barua za 1929 haziifungi. Hoja haikuwa uovu wa maneno yake, bali nani aliyeahidi. Ni hoja nyembamba, na ndiyo nguvu yake: haikumnyima mkulima wa Misri haki ya kunywa.

Baadaye maji ya ziwa yalivutwa kutoka Ihelele, Misungwi, hadi Kahama na Shinyanga, Misri ikinung'unika. Mkataba mpya wa bonde la Nile, uliotiwa saini Entebbe mwaka 2010, ulianza kutumika Oktoba 2024. Misri na Sudan hazimo.