Kidole Kilichokataa Kusomeka

Wajukuu zangu, tazameni kidole gumba hiki. Mpini wa jembe umekila mistari yake yote, kimebaki laini kama kokoto ya mtoni. Mwaka 2019, ilipotangazwa kwamba kila laini ya simu isajiliwe upya kwa alama za vidole, nilikwenda mnadani nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, chini ya mwavuli wa kijana mmoja. Akanisogezea kimashine chake, nikabonyeza. "Haijasoma, mzee wangu." Nikajifuta kwenye suruali, nikabonyeza tena. "Bado. Vidole vya wakulima vina shida." Akanishika mkono kwa adabu, akakikandamiza kidole yeye mwenyewe. Mara ya tatu. Mara ya nne. Nikaona namchosha mtoto wa watu, nikamwachia hela ya soda.

Waliochelewa walianza kuzimiwa laini Januari 20, 2020. Mimi nilikuwa nimejitapa kwamba nimewahi. Kisha siku moja akanipigia mtu kutoka Singida, anafoka, anataka nimrudishie hela niliyomtapeli. Mimi! Binti yangu akachukua kiswaswadu changu, akabonyeza *106#, tukakuta kitambulisho changu cha NIDA kimebeba laini nne. Moja yangu. Tatu sizijui, ziko mikononi mwa watu nisiowajua, zinazungumza kwa jina langu. Kidole kilikuwa kimesoma tangu mara ya kwanza.

Nimeanza na aibu yangu ili asije mmoja wenu akasema mzee anaogopa simu kwa sababu hakuzaliwa nayo. Siiogopi. Nani hapa kwetu Maretadu anatamani kurudi tulikotoka? Mtoto akiwa shule ya mbali, ada tulimpelekea kwa konda wa basi, ndani ya bahasha iliyoshonwa kwa uzi, halafu tukakaa siku nyingi tukisubiri habari kama imefika. M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, baadhi yetu tulicheka, kwamba hela itaruka vipi hewani. Sasa tunaipokea shambani, miguu ikiwa kwenye tope. Na vitunguu swaumu vyetu tulikuwa tunauza gizani: dalali akisema bei ya Arusha imeanguka, imeanguka. Leo kijana anapiga simu soko la Kilombero, anaijua bei kabla dalali hajateremka kwenye gari. Tatizo ni kwamba simu inakutajia bei lakini haikupimii gunia. Lumbesa mnashindiliwa vilevile, na simu mmeshika mkononi.

Nendeni Haydom mkaone chombo kinachotumika kwa akili. Ile hospitali ya Kilutheri, iliyofunguliwa mwaka 1955, wengi wenu ndiko mlikozaliwa. Pale kilifanyiwa majaribio kifaa kidogo kinachoitwa Moyo. Mama mwenye uchungu anafungiwa tumboni, kifaa kinasikiliza mapigo ya mtoto, na mapigo yakienda vibaya kinapiga kelele. Bibi zenu walizalishwa na wakunga waliokuwa wakiinamia tumbo kwa kile kitarumbeta cha kusikilizia, wamefumba macho, huku wengine watatu wanalia vitanda vya pili. Kifaa kimewapunguzia mzigo huo. Lakini kinamwita mkunga tu, kazi ya kuzalisha hakiifanyi. Mkunga asipoinuka, kitapiga kelele mpaka betri iishe.

Hapo ndipo ninapotaka mnisikilize. Chombo kikikuitia mtu, kichukue kwa mikono miwili. Kikija kukaa mahali pa mtu, kikakuambia huna haja ya kumwona wala kumuuliza, simama kwanza. Sisi Wairaqw tuna slufay, dua yetu ya wazee. Mzee mmoja anatamka, kusanyiko linaitikia, anatamka tena. Hakuna mzee anayekwenda kuisema peke yake porini. Neno lilikuwa na uzito kwa sababu waliolisikia walikuwa pale na walimwona midomo aliyelisema. Simu inakuletea neno likiwa uchi, halina uso, halina mashahidi. "Ile hela tuma kwenye namba hii, jina litatokea fulani." Nani hajapata ujumbe huo? Aliyeutuma hakujui. Amewatupia watu elfu, anasubiri yule ambaye kweli siku hiyo alikuwa anadaiwa hela na mtu. Ukiupata, namba hiyo ipeleke 15040, wanakopokea taarifa za matapeli, halafu endelea na palizi yako.

Kinachonikosesha usingizi zaidi ni mikopo. Zamani ukitaka kuazima dume la kulimia, ulikwenda na mtu anayekujua. Alikaa pembeni, hakusema sana, lakini kukaa kwake ndiko kulikuwa dhamana. Ukishindwa kurudisha, aibu ilibaki kwa watu watatu, na ilitafutiwa dawa hapohapo. Sasa kijana amelala kitandani saa tano usiku, anabonyeza kioo, programu inamuuliza: unaniruhusu kuona namba zako zote? Anabonyeza ruhusu. Hasomi. Elfu thelathini inaingia, asubuhi inaliwa. Hajui kwamba kwa hiyo elfu thelathini ameweka rehani majina mia mbili: mchungaji, mwalimu, mjomba, na baba wa yule binti anayepanga kumposa. Siku ya kulipa ikipita, wote wanapata ujumbe kwamba fulani ni mwizi.

Nilimwona mmoja wenu, simtaji, amekaa nyuma ya kibanda cha wakala na simu mbili mapajani, zote amezizima, anakwangua udongo kwa kijiti. Nikamuuliza nini. Akasema, "Babu, mkwe ameupata." Hakuwa analia. Ningefurahi kama angelia. Mkopo wenyewe, na riba yake, ulikuwa haufiki bei ya mbuzi. Angekuja kwangu ningemsema sana, ningempa, na mkwe asingejua mpaka kesho kutwa ya dunia.

Wanaoita mikopo hii kausha damu hawakukosea. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni. Sitini na tisa! Na nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu mwaka 2022. Sheria ni nzuri. Lakini sheria haikuwa kitandani na yule kijana saa tano usiku.

Jambo jingine nalipitia haraka. Mei 12, 2024 kebo mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilipata hitilafu huko kusini, intaneti ikalegea Tanzania nzima. Bahari wengi wetu hapa hatujaiona kwa macho, na bado ikatufikia. Siku kama hiyo, au siku simu inapoibiwa, ni nani kati yenu anayeijua namba ya mama yake kwa kichwa? Niliwauliza juzi mkiwa saba, mkono ukanyanyuka mmoja. Jifunzeni leo jioni, ni tarakimu kumi tu.

Na sasa imekuja hii akili mnemba. Mjukuu wangu mmoja alinionyesha: unaipa kipande kifupi cha sauti ya mtu, nayo inaongea kwa sauti hiyo maneno ambayo mwenyewe hakuyasema. Nikamwambia airudie. Nikamwambia aizime. Nyie sauti zenu mnazimwaga TikTok kila jua likizama, mkicheza na kuchekana. Kidole changu kilichukuliwa kwa kubembelezwa mara nne, tena nikalipa soda. Sauti yako itachukuliwa bila hata kukuambia bonyeza.

Kwa hiyo hapa nyumbani tumeweka utaratibu. Sauti ya mtoto wetu peke yake haitoshi tena. Anayepiga kwa namba ngeni akiomba hela anaulizwa kitu cha zizini. Mama yenu aliona ni kumdhalilisha mtoto. Nikamwambia hata zamani mgeni akifika usiku tulimuuliza yeye ni nani na anatoka kwa nani, na mgeni mwema hakukasirika.

Jumapili iliyopita simu ikaita, namba siijui. "Shikamoo babu, ni mimi, niko Dodoma, simu imeibiwa, naomba elfu ishirini ya nauli." Sauti ilikuwa yake kabisa, hata kikohozi. Nikamwambia marahaba, niambie, lile dume letu jekundu, pembe yake ya kushoto aliivunja nani?

Kimya. Nikasikia magari ya stendi.

"Babu," akasema taratibu, "ulishasema hayo yameisha."

Nikavaa viatu, nikaenda kwa wakala.