Twapenda Motokaa, au Twapenda Kutazamwa?

Miongoni mwa watu wapendao motokaa, wale wawezao kuitambua kwa mlio kabla haijatokea konani, kuna neno lisemwalo mara kwa mara, nalo ni la ajabu. Wakionyeshwa motokaa mpya za fahari, ziwezazo kukimbia zaidi ya kilomita 300 kwa saa, husifu na kuguna kwa mshangao. Kisha hurudi kusimulia habari za Volkswagen kuukuu ya mjomba, au Peugeot iliyobeba mahindi na maharusi. Husema kwamba ile ya fahari waistaajabia, lakini hii nyonge ndiyo waipendayo. Je, hayo ni mazoea ya utotoni tu, au moyo wa mwanadamu umetambua jambo la kweli? Sisi twaona kwamba umetambua jambo la kweli, ila lafaa lichunguzwe vema lisije likatupotosha.

Tuangalie kwanza jinsi motokaa hizo nyonge zilivyozaliwa. Kabla ya Vita Kuu ya Pili, mkuu wa kampuni ya Citroën huko Ufaransa, Pierre-Jules Boulanger, aliwaagiza wahandisi wake watengeneze chombo cha kuchukua wakulima wawili na viazi kilo 50, kitumie lita tatu tu za petroli kwa kilomita 100, tena kiweze kuvuka shamba lililolimwa bila kuvunja mayai kikapuni. Chombo hicho, 2CV, kilionyeshwa Paris mwaka 1948. Wengi walikicheka kwa sura yake, lakini kiliendelea kutengenezwa mpaka mwaka 1990. Nayo Volkswagen yenye mgongo kama wa kobe ilitengenezwa zaidi ya milioni 21, hata ile ya mwisho ikatoka kiwandani Puebla, Mexico, mwaka 2003. Walioziunda motokaa za namna hii walianza kwa kuuliza: mtu wa kawaida ana haja gani?

Hapa Afrika Mashariki tulipata ushahidi wetu wenyewe. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na katika miaka ya mwanzo motokaa zilipangwa katika madaraja kwa kufuata bei zake dukani. Mwaka 1962 ilishinda Volkswagen. Mwaka 1963 ziliondoka motokaa 84, mvua na matope vikazielemea, zikamaliza saba tu, na ya kwanza yao ilikuwa Peugeot 404. Mtu aliyesimama kando ya njia akaiona ikipita imejaa tope alijua kwamba ile ya jirani yake, impelekayo sokoni, ni ya ukoo huo huo.

Basi mapenzi hayo yana sababu. Motokaa ya zamani ilijulikana na mwenyewe. Kwa spana chache na uvumilivu aliweza kusafisha plagi na kufungua kabureta. Ilipokataa kuwaka aliwaita majirani, wakaisukuma. Na waliosukuma leo walikuwa na haki ya kuomba kesho, mgonjwa wao alipohitaji kupelekwa hospitali. Udhaifu wa chombo ulimfungamanisha mwenyewe na watu. Motokaa ya fahari haina nafasi hiyo. Mara nyingi ina viti viwili tu, na ikiharibika fundi wa mtaani hana pa kushika, maana yataka kompyuta na mafundi wa kiwanda chake. Wako hata wenye kuogopa kuiendesha, isije ikakwaruzwa na kupungua thamani, wakaifungia bandani. Hapo chombo kimemgeuka bwana wake. Kiliundwa kimchukue yeye, na sasa yeye ndiye akichukuaye, usiku na mchana, katika fikira zake.

Hata hivyo tusiwe wepesi wa kuhukumu. Akili ya mhandisi na mkono wa fundi ni vipaji vya Mungu, na kazi iliyofanywa kwa ustadi mkubwa yastahili sifa hata kama sisi hatutaimiliki kamwe. Wala uzee wa motokaa si utakatifu. Volkswagen hiyo hiyo tuisifuyo ilianzishwa chini ya utawala wa Hitler, aliyeitumia kujipatia sifa kwa watu wake. Na mwaka 2022 Mercedes moja iliyotengenezwa mwaka 1955 iliuzwa kwa Euro milioni 135. Hiyo nayo ni motokaa ya zamani, lakini ni nani atakayeiita nyonge? Tena yuko mtu aendeshaye kigari kikuukuu kusudi asifiwe kwa unyenyekevu wake. Huyo na mwenye motokaa ya fahari ni ndugu, maana wote wawili wanatafuta macho ya watu.

Mtakatifu Augustino, katika kitabu chake juu ya mafundisho ya Kikristo, alitenga vitu vya kutumiwa na kitu cha kufurahiwa kwa ajili yake chenyewe, ambacho ni Mungu. Akatoa mfano wa wasafiri warudio kwao, wahitajio vyombo vya kuwachukua, na hatari yao ni kupendezwa na mwendo wa chombo hata wasitake tena kufika nyumbani. Aliandika hayo karibu miaka 1,500 kabla ya motokaa kuwako. Kosa basi haliko katika kukipenda chombo. Liko katika kusahau kinatupeleka wapi na kinamchukua nani.

Mfano wa karibu twaupata kwa Baba Mtakatifu Fransisko, aliyefariki mwaka 2025. Mwezi wa Julai 2013 aliwaambia waseminari na wanovisi kwamba humwumiza moyo kumwona padri au mtawa katika motokaa ya namna mpya kabisa. Alikiri kwamba motokaa ni ya lazima kwa kazi, lakini akawasihi wachague iliyo nyonge zaidi, wakikumbuka watoto wafao kwa njaa. Miezi miwili baadaye padri mmoja mzee wa Italia alimpa Renault 4 ya mwaka 1984, iliyokwisha kwenda kilomita 300,000, naye akaipokea kwa furaha na kuiendesha mwenyewe. Mwaka 2017 kampuni ya Lamborghini ilimletea motokaa mpya ya fahari. Hakuitukana, wala hakuwaaibisha waliomletea. Aliibariki, akaitia sahihi, ikauzwa mnadani mwaka 2018 kwa zaidi ya Euro 700,000, na fedha zikaenda kwa kazi za huruma, pamoja na kuwajengea upya makao Wakristo waliofukuzwa kwao katika uwanda wa Ninawi, nchini Iraki. Kwa njia mbili mbalimbali, motokaa zote mbili zilitumiwa, wala hapana hata moja iliyotawala.

Twaandika haya kwa sababu jambo hili limo nyumbani mwetu. Wako akina baba wanaokopa fedha ili wapate motokaa ya kuwanyamazisha majirani, huku karo za watoto zikichelewa na mama wa nyumba akihesabu senti za sukari. Wako vijana waonao haya kupanda motokaa ya baba yao kwa kuwa imechakaa, ingawa ndiyo iliyowapeleka kubatizwa. Ziko pia parokia zichangazo kwa taabu kumpa padri wao motokaa ya jubilei kubwa kuliko barabara zao, ili parokia jirani ione. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao.

Kanisa lina sala ya kubariki vyombo vya safari, na padri ainyunyiziapo motokaa maji ya baraka haulizi bei yake. Lakini mwenyewe ajiulize siku hiyo: mgonjwa wa jirani atapata nafasi humu? Naweza kuilipia bila kuwanyima walio wangu haki yao? Ikipotea kesho, nitakuwa nimepoteza chombo, au nimepoteza heshima yangu yote? Akiweza kujibu bila hofu, na aendeshe kwa amani, iwe kuukuu au mpya. Asipoweza, ni heri asubiri kuinunua, na fedha hizo azipeleke kwanza panapostahili.