Takwimu Zisizosomana

Katikati ya miaka ya 1980, wavuvi wadogo wa mwambao wa Newfoundland, mashariki mwa Kanada, waliona chewa wa Atlantiki (si yule wa miamba yetu) wanapungua na kudumaa. Walivua kwa mishipi, majarife na mitego ya nyavu. Walilalamika. Mwaka 1986 chama chao kiliwaita wanabiolojia wa nje wakague hesabu za serikali, nao wakaonya kwamba wingi wa samaki ulikuwa umekadiriwa kupita kiasi.

Kwa nini kilio hicho hakikuingia kwenye hesabu? Kila mvuvi alikuwa na zana yake, saa zake na maji yake, na hapakuwa na kipimo kimoja cha kulinganisha juhudi zao. Meli kubwa za kukokota nyavu ziliandika saa, tani na mahali, basi takwimu zao zikaaminiwa. Lakini meli hizo zilikuwa na vyombo vya kuwasaka chewa popote walipojikusanya, hivyo mavuno kwa saa yalibaki manono huku samaki wakiisha. Meli za utafiti zilileta makadirio ya chini zaidi. Tofauti ilipojitokeza, wataalamu wakachukua wastani.

Wastani huo ndio unaoniuma. Ungewezaje kupatikana kutoka namba mbili zilizopima vitu viwili? Ilibidi kila namba iulizwe kwanza: umehesabu nini, wapi, kwa zana gani?

Mwaka 1989 wanasayansi waliposhtuka na kushauri tani 125,000 tu zivuliwe, serikali iliruhusu 235,000. Tarehe 2 Julai 1992 waziri wa uvuvi wa Kanada, John Crosbie, alisimamisha uvuvi wa chewa hao kwa miaka miwili. Watu wapatao 30,000 walikosa kazi, na zuio, badala ya miaka miwili, likaja kuondolewa mwaka 2024.

Leo lugha ya pamoja ya takwimu ipo: FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, lina misimbo ya herufi tatu kwa aina za samaki wanaovuliwa, na zana zina orodha yake ya kimataifa. Tanzania, Kenya na Uganda, zinazovua sangara na dagaa wale wale wa Ziwa Victoria, zina taratibu za pamoja za kukusanya takwimu. Zifuatwe hadi mwaloni: anayehesabu dagaa kwa ndoo aandike ndoo ina kilo ngapi, mtumbwi ulikuwa na taa ngapi, na ulivua kwa saa ngapi.