Firigisi ni ya Nani?

Yako maswali ambayo mtu huyakimbia kwa miaka mingi, si kwa kuwa ni magumu, bali kwa kuwa anayaona madogo mno. Swali langu la leo ni la aina hiyo: kuku mmoja akipikwa nyumbani, firigisi ni ya nani? Ndugu msomaji, usicheke kwanza. Nimekwisha kucheka mimi kwa niaba yako, kwa miaka 38 ya ndoa yangu.

Katika nyumba niliyolelewa, na katika nyumba nyingi za nchi hii, jibu lilijulikana hata kabla jogoo hajakamatwa. Firigisi ni ya baba. Paja ni la mgeni, kama yupo. Watoto hugawiwa mabawa, miguu na kichwa. Na mpishi je? Mpishi hupata kilichobaki, na mara nyingi kilichobaki ni shingo na mchuzi. Kwa jirani zetu wa Buganda jambo hili lilikwenda mbali zaidi hapo zamani: wanawake walimpika kuku ndani ya majani ya mgomba mpaka harufu ikajaa uani, lakini mwiko uliwakataza kumla, na mayai vilevile.

Mimi nimekuwa mwalimu kwa miaka 33. Nimefundisha somo la siasa, na baada ya vyama vingi kurudi mwaka 1992 nikafundisha uraia. Neno "usawa" nimeliandika ubaoni mara zisizo na hesabu. Kisha jioni nilirudi nyumbani, nikanawa mikono, nikaketi, na firigisi ikawekwa mbele yangu. Sikuiomba. Wala sikuiona. Mtu haoni kile anachopewa kila siku.

Mwaka jana mke wangu aliteleza uani akavunjika mkono, ukafungwa plasta kwa wiki sita. Binti zetu wako mbali na nyumbani alibaki mjukuu wetu mmoja tu, msichana wa miaka tisa. Jumapili moja mke wangu alitamani kuku wa kuchemsha. Akakaa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko, akaniambia, "Mwalimu, leo wewe ndiye mwanafunzi."

Nilifahamu kuchinja, maana hiyo ni kazi niliyofundishwa utotoni. Lakini kazi yangu siku zote ilikoma pale kuku anapotulia. Sasa nikajua yanayofuata. Kuku hutiwa maji ya moto na kunyonyolewa, kisha hubabuliwa juu ya moto ili vinyoya vilivyobaki viungue. Akipasuliwa, nyongo hutolewa kwa hadhari, kwani ikipasuka huliharibu ini. Halafu ikaja zamu ya firigisi yenyewe. Kuku hana meno, na firigisi ndiyo inayomsagia chakula chake kwa vijiwe anavyovimeza. Basi ni lazima ipasuliwe, mchanga na punje zimwagwe, kisha ngozi ya njano ya ndani imenywe pole pole kwa kucha. Ilinichukua muda mrefu, na nusu ya nyama nikaiondoka nayo. Mke wangu aliniangalia bila kusema neno.

Mapishi yenyewe ni mepesi. Vipande vya kuku, chumvi, tangawizi na kitunguu saumu vilivyotwangwa, na maji ya kufunika nyama tu. Mchaichai wenye shina nene, uliopo kando ya bomba letu, hupondwa kidogo na kufungwa fundo ili usitawanyike sufuriani. Kuku wa kienyeji hataki haraka. Juu ya mkaa alikaa zaidi ya saa moja. Kotmiri ilimea katika kopo la zamani la rangi dirishani. Nilitaka kuitia mapema, nikazuiwa: kotmiri hukatwa na kutiwa sufuria ikishaipuliwa, pamoja na ndimu, kwa sababu moto mrefu huifukuza harufu yake. "Nitajuaje kwamba nyama imeiva?" niliuliza. "Utajua," akajibu. Hakuwa ananificha kitu. Ujuzi wake haukuwa katika maneno.

Hapo nikamkumbuka Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo. Katika kitabu chake cha maadili yumo kuku, na wengi wetu tuliosoma chuoni tulimpita bila kumtazama. Anasema kwamba mtu anayejua kuwa nyama nyepesi hufaa kwa afya, lakini hajui nyama nyepesi ni ipi, hataleta afya. Atashindwa na yule anayejua tu kwamba nyama ya kuku inafaa. Maana yake ni kuwa hekima ya kutenda haitoshi kuyajua mambo ya jumla, sharti iyajue na haya madogo yaliyo mbele yetu. Mimi nilikuwa mtu wa namna hiyo. Niliijua haki kwa jumla. Sikujua ni kipande gani cha nyama.

Najua nitakavyojibiwa. Mwacha mila ni mtumwa. Baba ndiye aliyehangaika akaleta, na firigisi ni alama tu ya heshima. Kipande chenyewe hakimshibishi mtu. Tena mke wangu alinipa kwa mapenzi, hakulazimishwa na yeyote. Hoja hizi si za kudharau. Nyumba isiyomheshimu mtu yeyote ni kambi, si nyumba. Na kweli alinipa kwa mapenzi.

Lakini zawadi, nionavyo mimi, ni kitu ambacho mtoaji angeweza kukizuia. Je, siku moja katika miaka 38 angeweza kuila firigisi mwenyewe bila majirani, mama yangu, na mimi pia, kumshangaa? Kama hangeweza, basi kile nilichokiita zawadi kilikuwa na sura ya kodi. Udogo wa kipande hauitetei desturi, bali unaishtaki. Kama ni kitu kidogo hivyo, kwa nini hakikuweza hata mara moja kuvuka meza kwenda upande wa pili?

Nilipopakua, niliiweka firigisi katika sahani yake. Akaitazama. "Umekosea, Mwalimu. Hii siyo yangu."

"Leo mpishi ni mimi," nikamwambia, "na mpishi ndiye mgawaji."

Akanyamaza. Kisha akaikata kwa mkono wake mzima, nusu akampa mjukuu, nusu akaila. Alitafuna kwa muda mrefu. "Kumbe ni ngumu hivi," akasema. Alikuwa ameimenya kwa maisha yake yote. Baadaye akaongeza kwamba chumvi imepungua, na ilikuwa kweli. Mimi nilikula shingo. Ina mifupa mingi kuliko nilivyodhani.

Tangu siku hiyo firigisi hapa kwetu inazunguka. Aliyefaulu, aliyeugua, mgeni, mpishi, na mara nyingine mimi. Mila hatukuiacha, heshima bado ipo mezani, ila sasa haina mwenye hatimiliki. Sijidanganyi kwamba nimelipa deni. Miaka 38 hailipwi kwa vipande vya kuku, na mke wangu hajawahi kunidai.

Ndugu msomaji, huenda kwako swali si firigisi. Huenda ni kiti, au kitanda, au neno la mwisho. Kuku wako wa Jumapili atakapoipuliwa, kabla hujanyoosha mkono, tazama kwanza sahani ya aliyempika.