Je, Bunduki ni Akiba?

Jumapili moja, baada ya Misa ya pili, baba mmoja wa makamo alitungojea chini ya miembe karibu na kanisa, hapa Bagamoyo. Ni mkulima wa mananasi kutoka Kiwangwa, mtu wa kazi na wa sala, baba wa watoto watano. Tulipokwisha kuamkiana, "Tumsifu Yesu Kristu," "Milele, amina," alitueleza shida yake.

"Baba Padre," alisema, "nimeuza kipande cha shamba la urithi, na fedha niliyoipata sijapata kuishika maishani mwangu. Shemeji yangu aliyeko Marekani anishauri ninunue bunduki mbili nzuri nizihifadhi. Asema huko aliko wako watu wanunuao bunduki kama wengine wanunuavyo dhahabu. Haziozi, hazili, haziugui, na bei yake hupanda. Nimeona nisifanye neno kabla ya kuuliza. Je, ni vema?"

Hatukumcheka, wala haifai kumcheka. Mtu atafutaye akiba kwa ajili ya watoto wake afanya neno jema, na mtu aulizaye kabla ya kutenda ana hekima kuliko wengi. Nasi twaona afadhali tumjibu hapa gazetini, kwa maana swali lake ni la wengi.

Kwanza tuhesabu kama wafanyavyo wafanyabiashara. Akiba njema ama huzaa, ama huuzika upesi siku ya shida. Shamba huzaa. Ng'ombe huzaa. Nyumba huleta kodi. Bunduki je? Yalala kabatini mwaka hata mwaka, haizai risasi moja. Yataka mafuta, yataka kufuli, yataka leseni. Na siku mtoto atakapougua usiku, utamwuzia nani? Katika nchi yetu ya Tanzania silaha haiuzwi sokoni kama gunia la mpunga. Sheria ya Usimamizi wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 yamtaka kila mwenye silaha awe na leseni, wala hapana ruhusa kumwuzia au kumwazima mtu asiye na leseni. Leseni ni ya mtu mwenyewe. Akifa, watoto hawawezi kuigawana bunduki yake kama wanavyogawana minazi. Yapasa ipelekwe kwa wenye mamlaka. Basi hiyo ni akiba gani, isiyouzika upesi wala kurithiwa kwa wepesi?

Kuhusu Marekani, shemeji hakusema uongo, ila hakusema yote. Ni kweli ya kwamba huko raia hununua na kuuza silaha kwa wepesi kuliko kwetu, na ya kwamba bunduki za kale zilizo adimu hutafutwa na wakusanyaji, nao huzilipia fedha nyingi. Lakini bunduki ya kawaida itokayo kiwandani ni kama gari. Ikiisha kutoka dukani, thamani yake yaanza kupungua. Wapatao faida ni wachache, tena ni wajuzi. Mkulima wa Kiwangwa si mmoja wao.

Lakini kwa nini twende mbali hata Marekani? Mji wetu huu wa Bagamoyo uliijua biashara hii kabla ya babu zetu kuzaliwa. Katika karne ya 19 misafara ya kwenda Tabora na Ujiji ilifungasha mizigo yake hapa: nguo, shanga, nyaya za shaba, bunduki na baruti. Iliporudi ilileta pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo. Mwaka 1888 Euan-Smith, balozi wa Uingereza huko Unguja, alikadiria ya kwamba bunduki 80,000 hata 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika ya Mashariki kila mwaka. Zilitoka wapi nyingi namna hiyo? Zilitoka katika maghala ya majeshi ya Ulaya. Tangu miaka ya 1860 majeshi hayo yalianza kuacha magobore ya kushindiliwa mdomoni na kuchukua bunduki mpya zilizojazwa kwa nyuma. Ya zamani yakawa takataka kwao, nayo takataka yao ikaletwa kwetu kama mali.

Fikirini, wapenzi wasomaji, hesabu ya mtu wa bara aliyetoa pembe ya ndovu apate gobore. Alidhani amenunua nguvu. Haikupita miaka mingi, jirani yake akapata bunduki iliyo bora kuliko yake, na gobore lile likawa chuma. Akahitaji jingine. Alipie kwa nini? Kwa pembe nyingine. Na ndovu walipokuwa wamekwisha karibu naye, wengine walilipa kwa watu. Silaha iliteka watu, na watu waliotekwa wakanunua silaha. Hiyo ndiyo riba ya akiba ile. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofika hapa mwaka 1868 na kufungua kijiji cha watu waliokombolewa utumwani, waliowapokea ni wanaume, wanawake na watoto waliokuwa wameilipa riba hiyo kwa miili yao.

Na mwisho wa biashara hiyo? Desemba 1888 manowari za Wajerumani na Waingereza zilifunga pwani ili kuzuia silaha na watumwa. Katika vita ya Abushiri, watu wengi wa Bagamoyo walikimbilia misioni, na wale waliopigana na wageni kwa bunduki zao za zamani wakakuta mbele yao mizinga na silaha mpya. Abushiri mwenyewe alinyongwa Pangani Desemba 1889. Mwaka 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yakaweka mkataba wa kuzuia silaha zisiingizwe ovyo katika sehemu kubwa ya Afrika. Mali ya wachuuzi wa silaha ikabanwa kwa kalamu moja.

Asiseme mtu ya kwamba hayo ni ya kale. Huko Karamoja, Uganda, utawala wa Idi Amin ulipoanguka mwaka 1979, kambi ya Moroto iliachwa na silaha zake zikachukuliwa. Bunduki zikajaa nchi, na bei yake ikashuka. Aliyekuwa ametoa ng'ombe wengi apate bunduki moja alimwona jirani akiipata kwa wachache. Vifo vikaongezeka katika wizi wa mifugo, na hatimaye serikali ikazikusanya silaha hizo, mwaka 2001 na tena 2006. Ng'ombe hawakurudi, na bunduki nazo zikaenda. Nchini Kenya mwaka 2016 silaha zaidi ya 5,000 zilizokamatwa au kusalimishwa ziliteketezwa kwa moto. Ni nani aliyewahi kuona serikali ikichoma shehena ya mchele mwema kwa sababu amani imezidi?

Hapo ndipo tunapofika kwenye kiini cha neno letu. Bei ya mchele hupanda watu wanapotaka kula. Bei ya bati hupanda watu wanapojenga. Bei ya bunduki hupanda lini? Hupanda watu wanapoogopana. Mwaka 2020, mwaka wa ugonjwa wa korona na wa machafuko mijini, ukaguzi uliofanywa Marekani kwa ajili ya wanunuzi na wenye silaha ulikaribia 40,000,000, idadi ambayo haikuwa imefikiwa kabla yake. Hofu ilikuwa dalali mkuu.

Basi mtu aliyeweka fedha ya watoto wake katika bunduki amejifunga kwa hofu ya jirani zake. Kijiji kikitulia, yeye amepata hasara. Wezi wakizidi, yeye amepata faida. Hapendi mabaya, la. Huenda ni mtu mwema kabisa. Lakini mali yake yaanza kupenda asichokipenda yeye. Bwana Wetu alitufundisha katika Injili ya Mathayo, sura ya 6, ya kwamba moyo wa mtu hukaa ilipo hazina yake. Mtu huyo atakapogeuka katika Misa Takatifu kumpa jirani mkono wa amani, mkono wataka amani na mfuko wataka vita. Ataishi vipi na mioyo miwili?

Tena fedha iliyolala haina subira. Bunduki ikikaa miaka mitatu bila faida, atakuja mtu usiku na kusema, "Niazime kwa wiki moja, nitakuletea fungu lako." Wengi wajua fungu hilo latoka wapi. Kati ya mwaka 2009 na 2014 nchi yetu ilipoteza ndovu wengi mno. Hesabu ya serikali ilionyesha ya kwamba walipungua kutoka 109,000 hivi hata 43,000 hivi. Hawakuuawa kwa mikono mitupu.

Msomaji mjuzi wa Maandiko atatuambia: "Mbona katika Injili ya Luka, sura ya 22, Bwana aliwaambia wanafunzi ya kwamba asiye na upanga auze vazi lake akanunue mmoja?" Ni swali zuri. Lakini someni mpaka mwisho wa habari. Walimwonyesha panga mbili, naye akasema yatosha. Panga mbili kwa mitume wote! Hiyo si ghala ya silaha. Na upanga ulipotumika usiku ule ule, kazi yake ilikuwa kukata sikio la mtumishi, na kazi ya Bwana ilikuwa kuliponya. Tangu hapo Kanisa halikatazi mtu kujilinda, wala halimlaumu askari alindaye raia, wala mkulima wa kando ya mto Wami aliyepewa leseni ya kulinda shamba lake na nguruwe mwitu. Silaha hiyo ni chombo cha wajibu, nayo ina kipimo. Sisi twasema habari ya kuifanya silaha kuwa mbegu, tukitumaini ichipue.

Nao walio mijini, wasomao magazeti ya fedha, wasidhani neno hili ni la mkulima peke yake. Wako wanunuao hisa za viwanda vya silaha katika masoko ya ng'ambo, bila kugusa bunduki hata mara moja. Baba Mtakatifu Paulo VI, katika barua yake ya mwaka 1967 juu ya maendeleo ya mataifa, aliomba sehemu ya fedha zitumikazo kwa silaha iwekwe katika mfuko wa kuwasaidia maskini. Na marehemu Baba Mtakatifu Fransisko, akisema na vijana huko Turin mwezi Juni 2015, aliwakemea waziwazi Wakristo watengenezao silaha au waziwekeao fedha. Mikono misafi haitoshi, ikiwa fedha yetu ndiyo iliyotumwa kwenda kufanya kazi chafu.

Basi, Mzee wetu wa Kiwangwa, jibu letu ni hili. Usinunue. Kwa hesabu ya soko, utapoteza. Na kwa hesabu ya roho, hata ukipata umepoteza. Fedha ya shamba irudi katika kitu kizaacho: ununue shamba jingine, au uchimbe kisima cha kumwagilia mananasi wakati wa kiangazi. Iliyobaki iweke katika chama cha akiba na mikopo kilichoandikishwa, au katika hatifungani za Serikali, ambazo hulipa riba yake bila kumwogofya mtu. Na kabla ya yote hayo, lipa ada ya binti yako wa sekondari. Utakaposikia ya kwamba kijiji kimelala salama na wezi wametoweka, uweze kufurahi kwa moyo mmoja, pasipo kuwaza ya kwamba akiba yako imeshuka.

Nasi sote tujiulize jioni hii, kabla ya Rozari ya nyumbani: katika mali niliyo nayo, iko ambayo itaniletea faida jirani yangu akipata msiba? Ikiwapo, tuiache. Mungu wa amani azibariki jamaa zenu na kazi za mikono yenu.